Masaki Ipi? Bei ya Kuonyeshwa Njia Ukiwa Kibaha na Kisarawe



Mwezi wa nne mwaka 2024, siku chache baada ya Idi, tulizika Masaki. Simaanishi Masaki ile ya mabalozi na hoteli zinazotazama bahari. Nasema Masaki ya Kisarawe, yenye mikorosho na mihogo, na barabara ambayo mvua za mwaka ule zilishaanza kuila pembeni. Mazishi yalipangwa baada ya swala ya adhuhuri. Ndugu zetu wa Mbezi Beach walichanga wakakodi Noah. Dereva akaandika "Masaki" kwenye simu, simu ikamwambia dakika thelathini na kitu, wote wakashukuru kwamba kumbe si mbali.

Saa sita na nusu shangazi akampigia mjomba. "Tumeshafika Masaki, mbona hatuoni turubai?" Mjomba akamuuliza, hapo mlipo mnaona nini? Shangazi akajibu kwamba wanaona bahari.

Walifika kwetu saa kumi kasoro. Marehemu alikuwa dada yake shangazi, tumbo moja, na alichokikuta ni kaburi la udongo mbichi na akina mama wanaosuuza masufuria. Hakumwona dada yake uso. Watu wakamgeukia dereva, na yeye akajitetea kwa neno moja tu: "Ramani." Nilimwonea huruma, maana nilichungulia ndani ya gari lake. Alikuwa na skrini ya nevigesheni kwenye dashibodi na simu janja juu ya kishikio. Vyombo viwili vya kuonyesha njia, vyote amevilipia, na msiba ameukosa.

Najua kuna kamanda hapa atasema: ndugu, wiki hizi tunazungumzia watu kutekwa, wewe unatuletea habari za ramani? Namwelewa. Lakini uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika Novemba 27, 2024, na mtu wa Kwa Mathias au wa Maneromango atakayetusikiliza mlangoni kwake atatuuliza habari za maisha yake ya kila siku. Mimi maisha yangu ya kila siku ni IST na simu. Naendesha teksi, Maili Moja hadi Mbezi kwenye stendi ya Magufuli, na abiria wa Kisarawe akitokea naenda. Kwa hiyo haya nitakayosema nayatoa mfukoni mwangu, si kwenye vitabu.

Tuanze na hiyo skrini ya kwenye dashibodi, maana wengi wenu mtakuja kununua gari na mtadanganywa nayo.

Magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yameshatumika, na mengi yanakuja na nevigesheni ya kiwandani. Mwuza gari atakuambia "full" kwa fahari. Ukweli ni kwamba ramani iliyomo ndani ni ya Japani. Ukiwasha ukiwa Visiga, mshale wa gari lako unaelea kwenye rangi ya bluu tupu kama ngalawa iliyokatika nanga. Redio yake nayo ilitengenezwa kwa masafa ya Japani, yanayoanzia 76 na katika magari ya zamani yanaishia 90, kwa hiyo Clouds kwenye 88.5 unaipata lakini EFM kwenye 93.7 huisikii mpaka fundi akufungie kifaa kingine. Kuna aina ambazo bila diski au memori kadi ya ramani hata redio haifanyi kazi, na hiyo kadi mara nyingi imeshachomolewa njiani, Mungu anajua na nani.

Halafu siku betri ikifa, au fundi umeme akichomoa waya wa betri, skrini inajifunga na kukudai namba za siri. Mmiliki aliyezijua yuko Osaka. Mimi nililipa Sh30,000 Kariakoo kufunguliwa, na baada ya miezi minne betri ikafa tena nikalipa tena. Mara ya tatu nikaiacha ilivyo. Sasa ni kioo cheusi ninachotundikia rozari ya abiria mmoja aliyeisahau.

Na kuna yule dada. Wenye magari ya Japani mnamjua. Kila nikiwasha gari sauti ya kike ilikuwa inaniambia maneno ya upole kwa Kijapani. Miezi sita nilidhani ananitakia safari njema. Kumbe, kwa maelezo ya jamaa mmoja aliyesoma huko, alikuwa anasema kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Kwao kuna barabara za kulipia, gari linapita getini na kadi inakatwa yenyewe. Nilicheka sana siku ile. Niliposikia mwaka 2024 kwamba barabara ya haraka ya Kibaha, Chalinze hadi Morogoro inatafutiwa mwekezaji ili tuilipie, sikucheka tena. Huyo dada huenda akapata kazi.

Jambo la kuumiza ni kwamba skrini hiyo umeilipia kodi. Gari likifika bandarini linathaminiwa zima zima, na juu ya thamani hiyo unalipa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, ushuru wa uchakavu kama ni kuukuu, kisha VAT juu ya vyote. Hakuna anayekuambia tuondoe ile ramani ya Tokyo maana huku haina kazi.

Basi ukishakata tamaa na skrini unahamia kwenye simu, kama tulivyofanya wote. Wengine wananunua redio ya Android ya Kichina, skrini kubwa inang'aa, lakini nayo bila kuipa intaneti kutoka kwenye simu yako ni pambo. Kila kitu kinarudi kwenye simu.

Hapa kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui, nami sikulijua mpaka nilipolitafuta. Ile ishara ya GPS inayoiambia simu yako iko wapi haina malipo. Setilaiti ni za serikali ya Marekani, na tangu Mei 2000, Rais Clinton alipoamuru kuondolewa ule upotoshaji wa makusudi uliokuwa unawanyima raia usahihi, mtu yeyote duniani anaipokea bure, awe jenerali au dereva wa bajaji pale Loliondo ya Kibaha. Simu yako inaisikia hata bila laini. Angani hakuna anayekudai. Gharama zote zinaanzia ardhini, na zile za ardhini zina wenyewe, zina sheria, zina bajeti, zina watu waliopiga kura ya ndiyo bungeni.

Nipige hesabu yangu, kila mtu aweke ya kwake pembeni.

Bando la Sh1,500 kwa siku, kwa siku 26 za kazi, ni Sh39,000. Simu niliinunua Sh250,000, na kwa jua la pwani likiipiga juu ya dashibodi kutwa nzima, betri inavimba. Miezi kumi na nane ikifika nashukuru. Gawa, ni karibu Sh13,900 kwa mwezi. Waya za chaji na vishikio vinavyokatika, weka Sh2,500. Mpaka hapo ni Sh55,400. Bado sijaweka petroli ya kupotea. Lita mbili kwa wiki naziweka bila kujionea, yaani kufikishwa nyuma ya ukuta wa mtu, kugeuza, kuulizia, kurudi. Lita nane kwa mwezi, nikikadiria Sh3,000 kwa lita, ni Sh24,000. Jumla Sh79,400 kila mwezi ili nijue niko wapi na naenda wapi. Chumba changu hapa Kibaha nalipa Sh40,000.

Sasa fungua hilo bando uone kilichomo. Mwaka 2024 huduma za simu zilitozwa ushuru wa bidhaa asilimia 17, halafu VAT asilimia 18 ikapigwa juu ya bei iliyokwisha kuongezewa ule ushuru. Kwa lugha nyepesi, katika kila Sh1,500 yangu kama Sh413 zilikuwa kodi. Kwa mwezi ilikuwa zaidi ya Sh10,700, na hapo sijala, sijaweka mafuta, nimeangalia njia tu. Msinielewe vibaya, nchi haiendeshwi kwa maombi, kodi lazima ilipwe. Lakini kuweka ushuru wa bidhaa, ndugu wa ule tunaoutoza bia na sigara, kwenye kitu ambacho dereva anakihitaji kama spana, mimi naona ni uvivu wa kufikiri. Ni kodi ya kukusanya kirahisi, basi.

Kwenye simu yenyewe serikali ilijaribu jambo jema halafu ikalitupa. Bajeti ya 2021/22 ilisamehe VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu. Bajeti iliyofuata ikaufuta msamaha huo. Sababu tuliyoisikia ni kwamba haukuwa na tija. Mwaka mmoja! Mwaka mmoja hautoshi hata kumaliza mzigo wa zamani uliojaa madukani Kariakoo. Kama wafanyabiashara hawakushusha bei, dawa ilikuwa kuwabana wafanyabiashara, si kumrudishia mzigo mnunuzi.

Sisi wa teksi za mtandaoni tuna jingine la ziada. Ramani ndiyo ofisi yetu, na ofisi ina mwenye nyumba. Mtakumbuka mwaka 2022 LATRA ilipanga kamisheni ya kampuni za programu isizidi asilimia 15, Uber wakasimamisha huduma Aprili mwaka huo, kukawa na mvutano, kisha kiwango kikapandishwa hadi asilimia 25 na Uber wakarejea mwanzoni mwa 2023. Sitarudia mjadala wote. Nataka tu mwone jambo moja: katika mvutano ule wote ulizungumziwa mgawo wa nauli, na hakuna aliyeuliza nani analipia bando, simu, waya na lita za kupotea. Hizo zilihesabiwa kuwa za dereva tangu mwanzo, bila kikao. Kampuni inachukua robo ya nauli, na vifaa vya kazi ni vyangu.

Wenzetu wa bodaboda wao wana kichekesho kikubwa zaidi. Kijana wa mkataba anapewa pikipiki iliyofungwa kifaa cha GPS ili tajiri ajue iko wapi muda wote, na akichelewesha hesabu inaweza kuzimwa kwa mbali akiwa barabarani. Gharama ya kile kifaa imo ndani ya bei ya mkataba, kwa hiyo anayefuatiliwa ndiye anayekilipia. Yeye mwenyewe ramani hana, simu yake ya batani, anaulizia njia kwa mama ntilie. Mabasi ya mikoani nayo LATRA imeyalazimisha kufungwa mfumo wa kufuatilia mwendo. Hilo la mabasi naliunga mkono, mtu aliyeona ajali za Morogoro Road hawezi kulipinga.

Turudi barabarani, maana hapa ndipo ramani na mfuko vinapokutana vibaya.

Kibaha na Kisarawe ni jirani, wote Pwani. Kata ya Kiluvya, iliyopo Morogoro Road hapa karibu yetu, kiutawala ni ya Kisarawe. Mwananchi wa Kiluvya akitaka ofisi ya wilaya yake anatazamwa na njia mbili: azunguke kuingia Dar, akakutane na foleni, apite Gongo la Mboto na Pugu, ndipo apande Kisarawe, au akate moja kwa moja kwa barabara ya Kiluvya hadi Mpuyani. Simu haina shaka. Inakuambia kata, ni karibu. Inapima umbali, haijui tope.

Masika ya mwaka 2024 nilimpakia mama mmoja na mwanawe pale Kiluvya, wanawahi Kisarawe mjini, nikaifuata simu. Kipande cha kwanza changarawe, safi, nikajipongeza. Mbele kidogo udongo mtupu, halafu bonde, halafu maji yamekaa katikati ya barabara kama yamepangishiwa. Nyuma yangu kulikuwa na Fuso, mbele kuna vijana wanne wenye majembe ambao, nikwambie ukweli, hawakuonekana kuwa na haraka ya kuona shimo lile likizibwa. Sh10,000 kusukumwa. Bampa ya mbele ikabaki palepale, nikaibeba kwenye buti. Simu muda wote ule ilikuwa inanionyesha mstari wa bluu ulionyooka na kuniambia nimebakiza dakika kumi na nane.

Sasa angalia risiti ya mafuta. Tangu Julai 2021 kuna Sh100 kwa kila lita ya petroli na dizeli iliyoongezwa kwa ajili ya barabara za mijini na vijijini. Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa, tukapiga makofi, na Sh40 ikawekwa kwenye kila lita kufidia. Mimi natumia kama lita sita kwa siku, lita 156 kwa mwezi. Hiyo Sh100 peke yake ni Sh15,600 kwa mwezi. Ya 2017 ni Sh6,240. Sikuwahi kudaiwa, sikuwahi kuchelewesha, nimelipa nikiwa nimesimama pampu. Sh100 hiyo siipingi hata kidogo kama inaenda kwenye greda. Ninachotaka ni mtu wa kuniambia ya Kiluvya hadi Mpuyani na ya Mlandizi hadi Maneromango imefika wapi, kwa sababu majina ya barabara hizi tunayasikia mwaka baada ya mwaka kwenye mipango kama majina ya wachezaji wanaosajiliwa kila dirisha na hawashuki uwanjani.

Na kwa haki niseme: Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2 za njia nane, imebadilisha kazi yetu. Abiria wa saa mbili siku hizi nampeleka kwa dakika arobaini. Waliobomolewa nyumba 2017 kupisha barabara ile wana habari yao nyingine, na mimi kila nikipita pale nawakumbuka, lakini barabara ni barabara. Kwa hiyo wakitaka wanaweza.

Halafu kuna suala la majina, lililomkosesha shangazi msiba.

Wilaya zetu hizi mbili zimejaa majina ya kushea. Masaki mbili mmeziona. Pangani ipo Tanga na ipo Kibaha. Kongowe ipo Mbagala na ipo Kibaha. Loliondo ya Ngorongoro dunia nzima inaijua, lakini mimi kila siku napita Loliondo yetu yenye soko. Chole ipo Mafia, na ipo Kisarawe. Ukiandika jina kavu, simu inachagua yenye watu wengi, yenye hoteli, yenye picha. Ya Kisarawe inakaa chini kabisa ya orodha, kama ipo. Mtu wa Dar akitaka kuleta mzigo wa mbao, au gari la wagonjwa likiitwa usiku, inabidi kwanza mtu asimame barabarani na tochi.

Dawa yake ilishaanzishwa. Februari 8, 2022 Rais Samia alizindua Operesheni Anwani za Makazi pale Dodoma, kabla ya sensa ya Agosti: kila mtaa jina, kila nyumba namba, kila kata postikodi, na programu ya NaPA ya kuyaweka yote kwenye simu. Wazo nililipenda na bado nalipenda. Ni nevigesheni ya umma. Kwetu nguzo zilisimamishwa, namba zikachorwa. Leo ukipita mtaani ninapoishi, nguzo moja imelala mtaroni, nyingine imegeuzwa kamba ya kuanikia, na namba ya mlangoni kwetu ilichorwa kwa chokaa ikafutwa na mvua zile zile za mwaka 2024. Abiria hata mmoja hajawahi kunipa anwani yake kwa namba ya nyumba. Ananiambia "ukifika kwa Mpemba kata kushoto, uliza."

Ndiyo maana nasema gharama ya nevigesheni si bei ya kununua. Ramani ni kama nyumba ya udongo, ukishaisimamisha kazi ndiyo imeanza. Nguzo ikianguka mtu aiinue. Daraja likikatika mtu aandike limekatika. Huko Ulaya baadhi ya wenye magari wanalipia ramani zao kusasishwa, na kampuni zinakula hapo. Sisi hatulipii usasishaji, kwa hiyo tunaulipia kwa njia nyingine: lita, bampa, na Sh10,000 ya vijana wa majembe.

Mnakumbuka Mei 12, 2024, Jumapili ile intaneti ilipolala? Nyaya za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania tukawa miongoni mwa walioumia zaidi. Nilikuwa Msangani na abiria ananitazama, mimi naitazama simu, simu inazunguka. Siku ile ndiyo nilijifunza jambo ambalo nawapa bure. Pakua ramani ya Pwani na Dar nzima kwenye simu ukiwa mahali penye Wi-Fi. Google Maps inakubali kupakuliwa kipande, na kuna programu za bure kama Organic Maps na OsmAnd zinazofanya kazi bila bando kabisa. Hutaona foleni, lakini Kisarawe foleni gani? Bando langu la ramani limepungua kwa nusu tangu nifanye hivyo.

Programu hizo mbili zinatumia OpenStreetMap, ramani ambayo watu wa kawaida wanaichora wenyewe. Na hapa Tanzania tuna historia nayo. Tandale ilichorwa 2011 na wakazi pamoja na wanafunzi. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na UDSM pamoja na wananchi wakaingia kata za Dar zinazofurika, wakachora mitaro, vichochoro na madaraja, na mpaka leo ramani za maeneo yale ni nzuri kuliko za miji mingi. Walikuwa vijana wa umri wetu wenye simu na buti za mvua. Tawi la Mwendapole au la Kibuta nalo linaweza kufanya hivyo. Jumamosi mbili, vijana kumi, bando la kugawana. Weka kisima, zahanati, msikiti, kanisa, daraja lililokatika. Weka "Masaki, Kisarawe". Ukishaweka kila mtu anaiona, ingawa mtu mwingine naye anaweza kuihariri.

Wagombea wetu nao tuwabane, tena kabla ya wale wa upande wa pili. Mwenyekiti wa mtaa hawezi kuondoa ushuru wa bando, tusiwadanganye watu majukwaani. Hiyo ni kazi ya bunge. Mnakumbuka Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilipoanza, zilisitishwa ndani ya siku chache kwa kelele za mitandaoni peke yake, kwa hiyo huko kelele zinasikika. Lakini nguzo iliyolala mtaroni ni ya mwenyekiti wa mtaa kuifuatilia. Namba za milango ni zake. Na kule Kisarawe mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila baada ya miezi mitatu, ambapo mwananchi ana haki ya kuuliza greda lilipita lini na litapita lini tena. Nimeulizia katika vijiji viwili mkutano wa mwisho ulikuwa lini. Kimoja walicheka. Kingine walibishana kama ulikuwa kabla au baada ya sensa.

Uandikishaji wa wapiga kura wa mitaa mwaka 2024 ulikuwa Oktoba 11 hadi 20, na kitambulisho cha mpiga kura cha zamani hakikusaidia, daftari la mkazi lilikuwa lingine. Wa Maili Moja waliokuwa hawajui kituo chao kilipo niliwaambia wanitafute, nitawapeleka, petroli tutachangia.

Kwenye arobaini ya marehemu shangazi hakukodi Noah. Alipanda daladala mpaka Gongo la Mboto, akaunga nyingine mpaka Kisarawe mjini, akachukua bodaboda. Alimwambia kijana jina la shemeji yake na ule mwembe uliokatwa na radi. Kijana hakutoa hata simu mfukoni. Saa tatu asubuhi shangazi alikuwa ameshakaa kwenye mkeka, anachambua mchele, wapishi wenyewe hawajafika.